Daraja la Pili

Upande wa pili, mwisho kabisa,
palibaki dakika tatu na sekunde ishirini
za ukanda mtupu unaokoroma.

Wauza Vifungo walikuwa wamejitoa Alhamisi ile.
Wamegombana, ati mpiga ngoma kala chipsi za mwimbaji
wakirudi kutoka Crewe kwa treni ya usiku.
Nami kaseti mia mbili nimeshazilipia,
majalada nimeyatoa fotokopi maktaba ya Hanley,
nimeyakata kwa mkasi wa mama, nimeyakunja,
bendi kumi na mbili nimezihesabu kwa wino mwekundu.
Kumi na mbili. Siyo kumi na moja.

Ndipo ulipoingia, Hilary, kutoka kiwandani,
rangi ya samawati imekuganda chini ya kucha,
maua mia tatu ya siku nzima kwenye visahani vya watu,
na mfukoni vikombe viwili vilivyokataliwa:
kimoja mkono umepinda,
kingine kina chunusi ya udongo.
Nikakwambia, "Imba."
"Niimbe nini?"
"Chochote. Usivue koti."

Ukaimba habari ya basi la alfajiri,
mwanamume aliyesahau glavu moja kitini
nawe ukaivaa wiki nzima, ya kushoto, kubwa mno.
Mimi nikagonga bati la biskuti kwa mwiko.
Ubeti wa pili birika likapiga mbinja;
hukusita, ulilifuata, ukapanda nalo juu,
na hadi leo nikisikiliza sijui
lipi birika, yupi dada.

Jina la bendi tulilisoma chini ya kikombe,
muhuri wa kiwanda kwa vitu vyenye kasoro:
Daraja la Pili.
Ukacheka. Ukala mayai. Ukalala saa nne.

Barua zilianza Mei, mwaka themanini na sita.
Aberdeen. Swansea. Kijana wa Gothenburg mwenye mwandiko wa sisimizi.
Msichana wa Osaka aliyeficha noti ndani ya karatasi ya kaboni
posta wasiione.
Wote swali moja: ni nani yule anayeimba?

Hakuna aliyeuliza upande wa kwanza, wimbo wa pili.
Hiyo ilikuwa bendi yangu. Miavuli ya Kukopa.
Miaka mitatu katika gereji ya Clive Tunnicliffe,
vidole vimeota sugu kwa nyuzi za gitaa,
shati la madoa nililolishona mwenyewe,
halafu wewe, na koti lako, na mayai yako.

Wivu ni kidonda, na changu nilikitunza,
nikikibadilisha kitambaa kila tarishi alipogonga.
Niliwajibu wote kwa adabu, kwa mashine ya chapa:
Kundi limevunjika. Mwimbaji amehamia Norwei.

Miaka thelathini na minane umeishi Norwei, Hilary,
mitaa miwili kutoka kwangu,
ukinunua maziwa duka lile lile,
ukilea mapacha, ukilalamikia goti.

Sasa kuna watu wa London wanakusanya:
sanduku la diski tano, kitabu chenye picha,
nyimbo mia na tatu kutoka miji ambayo
hakuna aliyewahi kuipigia simu.
Orodha nimeisoma mara nne. Miavuli haimo.
Wewe ni wa kwanza, diski ya kwanza.
Wanahitaji sahihi ya mwimbaji,
"iwapo bado anapatikana huko Norwei."

Basi nimekuja na bati lile.
Kifuniko kimebonyea pale pale pa mwiko.
Ndani, barua sitini na moja.
Umevaa miwani. Umeisoma ya Osaka,
umeirudisha katika bahasha polepole,
kama mtu anayeinua kikombe dirishani akitafuta ufa.

"Ni ule wenye birika?"
Ndio ule.

Hukusema zaidi. Umeinuka, goti limelia,
umefungua maji, umewasha jiko,
ukapita vikombe vyote vizima kabatini
ukaniwekea kile cha mkono uliopinda.
Sijui kama ni msamaha au ni kikombe tu.
Hakivuji.