Mbwamwitu wa Levo ya Arobaini

Kwa Somoe, kibandani, nyuma ya stendi ya Newala,
mia tano nusu saa, pedi yangu kitufe kimoja kimekufa,
nimerudi leo kijiji cha mwanzo,
pale daraja la mbao, pale aliponing'ata
mbwamwitu wa kwanza, nikiwa levo ya pili
na panga la kutu.

Miezi mitatu nimepigana. Nina upanga wa moto,
deraya, farasi mwenye jina.
Nimerudi kwa kiburi, sikatai:
nilitaka anione, akunje mkia.

Hakukunja.
Naye sasa ni wa levo ya arobaini.
Nilipokuwa nikihangaika huko mapangoni
yeye alilala tu darajani, akapanda nami
ngazi kwa ngazi, bila jasho.
Siku ile nilimwangusha kwa mapigo saba.
Leo, na moto wote huu, mapigo saba.

"Ndivyo walivyoitengeneza," anasema Nnunduma,
macho hayatoki kwenye kioo. "Angebaki mdogo
ungesinzia."

Huenda. Lakini mimi namjua huyu mnyama.
Namjua kwa bei ya salfa:
mwaka tuliopata magunia manne ilimeza mawili,
mwaka tuliopata kumi ikameza matano,
na baba, kalamu sikioni, akahesabu upya
kana kwamba kosa liko kwenye hesabu.

Ni mlima mmoja tu uliopigana nami kihalali.
Kutoka kisimani bondeni, ndoo kichwani,
ule mwinuko wa nyuma ya kwetu.
Nikiwa na miaka saba nilitua mara tano,
nikafika na nusu ndoo, shingo imezama mabegani.
Kumi na miwili, mara mbili.
Kumi na sita nilipanda moja kwa moja, napiga mluzi,
maji yakanilowesha bega moja tu.
Mlima haukujiongezea hata kokoto.
Ulikaa vilevile, mkali, mkweli,
ukaniacha nikue.

Umeme umekatika. Somoe anatafuta namba za luku kwenye simu,
anatukana polepole, kwa Kimakonde.
Kioo cheusi. Ndani yake sisi wawili, na pedi mikononi.

Nimeshika njia ya bondeni, ile ndefu,
nipite kwenye kona ya jiwe la kwanza
nilipokuwa nikitua ndoo na kulia.
Nimelikalia.
Magoti yamenifika kifuani.