Mbao za Daraja

Walipomwaga zege juu ya mto Mbaka
walizing'oa mbao za zamani, wakazirundika
kando ya barabara, na mvua ya Tukuyu,
ambayo haijui kubisha hodi,
ikazinyeshea wiki tatu.

Watu walichukua za kuchomea mahindi.
Ambilikile alichukua mbili za banda la nguruwe.
Mimi nikaja na toroli la kukopa,
gurudumu likilia kama mtoto aliyenyimwa,
nikabeba kumi na moja.
Subilaga, mke wangu, alisimama mlangoni:
"Umeleta daraja nyumbani. Na mto je?"

Mninga. Ulitoka Chunya kwa lori
kabla baba hajanunua baiskeli.
Juu umekuwa wa kijivu, umepasuka kama kisigino,
unanuka matope na kwato;
lakini upige tezo mara moja tu
uone wekundu ulivyojikalia ndani, haujazeeka,
kama ulimi.

Sichongi upesi. Kwanza nasaka misumari.
Napapasa kwa kidole gumba, kisha kwa sumaku
niliyoitoa kwenye spika iliyokufa,
maana msumari mmoja uliojificha
huvunja patasi, na patasi ni debe la mahindi.
Ndipo naugeuza ubao, nauuliza
unapenda kupindia wapi.
Usipouliza utachonga kijiko, upate kuni.

Ubao wa tatu ulikuwa na fundo.
Nikaliacha, likawa jicho la hondohondo,
mdomo wake upawa wa mchuzi.
Wa tano ulikuwa umeliwa na maji;
nikaanzia palepale maji yalipoishia,
nikapata bakuli, nusu ya parachichi
iliyokwisha kutolewa kokwa.
Miiko miwili ina mkunjo wa kangaga
alfajiri, kabla jua halijaikunjua.
Mmoja nikaufanya kinyonga wa pembe tatu,
yule wa msituni Rungwe,
mkia umejizungusha kwenye mpini.
Bi Tusekile wa mgahawani akaurudisha mezani
kama uliomng'ata:
"Nani apakue mbalaga ameshika kinyonga?
Wateja wangu watakimbia na madeni."
Ninao mpaka leo. Unakoroga uji wa wanangu;
hawajabadilika rangi.

Jioni napaka nta ya nyuki, nasugua
kwa kipande cha shati langu la shule,
na hapo hutokea jambo nisilojua kulieleza.
Mistari ya mti inaamka, mmoja baada ya mwingine,
na juu yake, sijui ni macho yangu,
naona wengine wanapita:
ng'ombe wa mahari, wakorofi, wanasukumwa;
wachuma chai na makapu mgongoni;
jeneza la bibi, lililobidi kuinamishwa kidogo
kwa sababu ubao wa nane ulikuwa umelegea.

Ubao wa saba sijaugusa.
Mama hakuwahi kufika zahanati.
Uchungu ulimkamata katikati ya daraja, usiku,
mto umefura chini yake, shangazi ameshika kandili,
na hapo, juu ya mninga huu, nikaangukia duniani.
Shangazi alikuwa mtu wa kuhesabu:
wa saba, alisema, kutoka upande wa migomba.
Shuleni waliniita Daraja
mpaka darasa la nne, nilipojifunza kupigana.

Jumapili mama alikuja, akaukuta umeegemea ukuta.
Hakuuliza ni upi.
Aliulaza chini, akaukanyaga kwa unyayo mmoja,
kama mtu anayepima ubaridi wa maji.
"Huu unaufanyaje?"
"Sijui, mama."
"Nitengenezee kibao cha kukatia mboga.
Meno yameisha, lakini mboga bado nakata."
Akavaa kandambili zake, akafika mlangoni, akageuka:
"Na usinichongee ua wala ndege.
Kiache kilivyo."

Nimepima kwa kiganja.
Nimeshika msumeno, nimeuweka chini.
Nimepima tena.