Niliitwa Kutengeneza Boila

Sikuja kusali. Nilikuja na begi la spana,
Novemba, ukungu umelala juu ya mitaro ya Lincolnshire
kama maziwa yaliyomwagika, asiwepo wa kuyafuta,
na boila la Mtakatifu Guthlac lilikuwa limekata roho.

Nilikuwa chini, ubavu kwenye sakafu ya mawe,
tochi nimeiuma kwa meno,
walipoingia juu yangu watu saba na makoti yao
wakaanza Sala ya Jioni bila kuniuliza.
Sauti moja ikasoma nusu ya mstari.
Kimya, kadiri ya pumzi moja.
Wengine wakaimalizia nusu iliyobaki.
Nati ilikuwa mkononi. Sikuikaza.
Kwenye ankara niliandika saa mbili.
Nilifanya kazi saa moja.

Baba yangu, Mzee Pinchbeck, mhubiri wa kanisa la bati,
alisema sala ya kusomwa kitabuni
ni barua ya posa iliyoandikwa na mwanamume mwingine.
Kwake mtu aliomba kwa maneno yake, kwa jasho lake,
na asiye na maneno alitazamwa.
Mimi nilitazamwa miaka kumi na sita.
Nilipomzika Joyce sikuwa na neno,
nikanyamaza miaka tisa,
nikakaza mabomba ya watu.

Jumapili nikarudi. Nakagua presha, nikajidanganya.
Nikakaa benchi la tano, ubavuni mwa rejeta.
"Hapo ni pa Cyril," akasema Bi. Enid Thorogood.
Cyril alikuwa nje, chini ya nyasi,
tangu mwaka wa mafuriko.
Nikahama.

Sikujua lini kusimama, lini kupiga magoti;
nilichelewa kila mahali kwa nusu pumzi,
mwangwi mnene wenye ovaroli.
Takia la magoti lilishonwa korongo wa nyuzi za kijani,
jicho moja limeng'oka.
Kitabu cha Sala kilikuwa na duara la kikombe cha chai
kwenye ukurasa wa maungamo,
na ndani ya duara hilo nikakuta
mtu aliyekufa zamani, asiyenijua,
ameniandikia deni langu lote
kwa herufi safi, mpaka senti ya mwisho.
Sikutakiwa kutunga chochote.
Nilitakiwa kutia sahihi.

Majilio ikaja na zambarau yake.
Jumatano ya Majivu, kidole gumba cha Kasisi Rosalind
kikanichora msalaba pajini.
Mimi ninayeshinda na masizi,
usiku ule niliogopa kunawa uso.

Alhamisi Kuu soksi yangu ilikuwa imetoboka.
Nilijua tangu asubuhi, nikaivaa hiyohiyo.
Kasisi akapiga magoti mbele ya beseni la plastiki,
maji ya vuguvugu,
vuguvugu langu, nililolifufua mwenyewe kule chini,
akakiosha kisigino changu
kama mtu anayeosha kikombe cha mgeni.
Kisha wakaivua madhabahu:
kitambaa, kinara, msalaba,
mpaka meza ikabaki mbao.
Hakuna aliyeeleza. Hakuna aliyeambiwa alie.
Nikamlilia Joyce pale gizani,
kwa adabu ya wenyeji, bila sauti,
na Bwana Ottley akanipitishia kitambaa chake
bila kugeuza shingo.

Baba, kama unasikia:
maneno ya kuazima hayachakai.
Nguo ya kuazima ndiyo iliyonisitiri.

Asubuhi ya Pasaka boila likagoma tena.
Watu kumi na wawili, mvuke midomoni,
mshumaa mkubwa ukiwaka kama vile haukusikia habari.
Nikasema nitaliangalia baada ya ibada.
"Halina haraka," akasema Bi. Enid,
akauondoa mkoba wake kwenye benchi la tano,
akauweka sakafuni,
akaendelea kutazama mbele.

Nikaketi. Mbao ilikuwa baridi.
Ikasomwa nusu ya mstari.
Nikavuta pumzi, nao wakavuta.