Sifuri ya Tsiala

Saa nane ya usiku,
ninapanda kwa shauku
na mkate moto huku
kwa Tsiala, ghorofani.

Kutaisi kunanyesha,
taa moja inakesha,
dada anaunganisha
michoro yangu kazini.

Kwanza unga waumuka,
tanurini napachika,
tatu, mkate watoka,
nne, unga viganjani.

Viganjani napukuta
unga, tena nauvuta,
mwisho mwanzo waukuta
bila kukwama njiani.

Kioo cheusi tii,
picha hata haingii,
kipanya hakitumii,
ni amri kibodini.

Kila faili kwa jina,
orodha akaishona,
na nne zikashikana
ja nyama mshikakini.

Nikauliza, “Irudi
mara ngapi? Kwa idadi?
Mara mia? Au zidi?”
“Sifuri,” akabaini.

Sifuri? Mimi nacheka:
dukani ukiiweka
ni sanduku kukauka
na deni la ukutani.

Kwake yeye, ni daima,
haina pa kusimama,
ni kwenda bila kukoma
ila kwa giza mjini.

Ikazunguka, ikenda,
mkono ukaniganda,
na kwikwi ikanitanda
pale penye maungoni.

Katukana Kijojia
tusi lililotimia,
nyanya alotuachia,
na chai ikawa chini.

Nikamwambia, “Tazama:
kule mwisho, kule nyuma,
ndiyo ile ya mapema.
Yajirudia kwa nini?

Donge pete nikiunga,
ncha moja naichonga
ikafia kwenye unga,
kovu lake hulioni.”

Akafuta fremu moja
tu, bila kunipa hoja,
tukakaa kuingoja
kwikwi irudi mwilini.

Haikuja. Jumamosi
tukaiweka upesi;
polisi na makasisi
wakaganda mvuani.

Mwana wa jirani, Gela,
kahesabu, hakulala,
mikate ile ya hila:
mia tatu na tisini.

Akaniuliza, “Bondo,
mkate mwendo kwa mwendo,
na nani ale uhondo?
Kuna tumbo kiooni?”

Sina jibu. Nikakata
kipande chenye mafuta,
akatafuna, kafuta
unga wake mdomoni.

Nyuma yake, mimi yule
asiyechoka milele
kapukuta unga ule,
kaanza tena mwanzoni:

kwanza unga waumuka