Inchi Tatu na Nusu

Muuzaji wa Regina aliniuliza kwenye simu
dari ya gereji ina kimo gani, nikamjibu haraka
kama mtu aliyeulizwa umri:
futi tisa.
Halafu nikaenda kupima.
Futi ya chuma haina haya. Nane na inchi tano,
na hapo sijahesabu reli ya mlango
wala kenchi, ambazo jirani yangu Orest Hnatiuk
ameniapia kwamba nikizikata tu
theluji ya Saskatoon itakuja kulala nasi kitandani.

Basi zikaanza siku za kuchagua.
Ya nguzo nne inafaa kwa kuweka gari juu ya gari,
lakini magurudumu hukanyaga njia zake, hayaning'inii,
na mimi kazi yangu ni breki.
Ya mkasi hukunjika kama kitanda cha safari,
hukuinulia gari mpaka kiunoni
kisha hukaa palepale unapotaka kupita.
Ya nguzo mbili ina mikono minne, kifua wazi,
ila haisimami kwa miguu yake.
Husimama kwa sakafu.
Mume wangu Mbwana akasema, kwa nini usinunue tu jeki nyingine?
Sikumjibu. Anajua kwa nini.

Shomari, kaka yangu, alikuwa chini ya Pijo ya mtu, Tanga,
jeki ya kuazima, tofali la saruji badala ya stendi.
Tofali halikuvunjika kwa kishindo.
Lilipukutika, kama biskuti kwenye chai.
Mimi ndiye niliyeshika taa.
Miaka thelathini na mmoja, na nyonga yake
bado huijua mvua kabla ya mawingu.

Nilikodi drili, nikatoboa sakafu.
Mwongozo ulitaka zege la inchi nne, lisilo na ufa.
Nikatumbukiza msumari kwenye tundu, nikatia alama kwa ukucha:
tatu na nusu.
Nusu inchi! Wapo ambao wangesema haidhuru.
Neno hilo nalijua. Lina uzito wa Pijo.

Tukakata miraba miwili sakafuni,
vumbi likaingia mpaka kwenye sukari.
Tukachimba, tukasuka nondo, tukamwaga zege inchi nane,
Orest akilisawazisha kwa ubao, kimya, ulimi nje
kama mtoto anayejifunza kuandika.
Kisha siku ishirini na nane.
Zege haliambiwi fanya hima. Mwagia maji, funika, toka.
Oktoba ikaingia. Kila asubuhi Mbwana
alikwangua barafu kwenye kioo cha gari, huko nje,
akinitazama dirishani.

Sanduku lilipofika, dereva alilishusha mwisho wa kichochoro
akaondoka. Kilo mia sita na arobaini.
Tuliliviringisha juu ya mabomba,
bomba la nyuma likikimbizwa mbele, la nyuma mbele,
hata mbwa wa Orest akachoka kubweka.
Nguzo zikasimama. Pimamaji, kipande cha bati chini ya bamba,
pimamaji tena. Boliti kumi.
Kila spana ilipolia mkononi kwamba imetosha
niliikaza mara ya pili, na si kwa ajili ya mwongozo.

Jumapili nikainua pikapu yetu.
Shubiri moja kwanza. Nikaisukuma kwa bega.
Kisha ikapanda, na kufuli zikaanza kuhesabu,
tak, tak, tak,
mpaka tumbo lake likapita kilemba changu.
Chumvi ya barabara imeila ekzosi. Nilijua.
Miaka kumi na tisa karakana ya mabasi,
na nyumbani nalala chali juu ya kartoni!
Sasa nimesimama, natazama juu,
shingo inauma mahali papya.

Nikampigia Shomari. Kwao saa tano usiku.
Sikumwonyesha gari. Niliegemeza simu kwenye nguzo,
nikashusha, nikapandisha.
Tak. Tak. Tak.
Akanyamaza, kisha akauliza
zege lake inchi ngapi.
Nane, nikasema.
Akacheka. Akasema, rudia.
Sikujua anataka nirudie neno au sauti,
nikarudia yote mawili.