Mita Mia Mbili, Kisauni

Mstari wangu wataka mita mia mbili zilizonyooka,
na Kisauni haina hata ishirini.
Basi waya wapita chini ya kanga za Mama Rukiya,
waruka mtaro, wakata uwanja wa watoto
(golikipa ameshaniuliza mara nne: "Wang'oa lini?"),
waingia uani kwa Mbwana Shee, fundi cherehani,
aliyenipa ruhusa kwa sharti moja:
nikiiona dhahabu ya Mreno, tugawane.

Sitafuti dhahabu. Natafuta maji,
na sipigi ramli.
Nagongomea nondo arubaini, hatua kwa hatua,
natia umeme ardhini
kisha nasoma ardhi imeukaidi kiasi gani.
Maji ya chumvi hayana ubishi,
umeme hupita humo kama mwenye nyumba.
Maji matamu hubisha.
Miaka hii yote nalipwa, nikilipwa,
kwa kusikiliza ubishi huo.

Sikuanzia majini.
Nilianzia Olkaria, kwenye mvuke,
sweta mbili na kikohozi,
wakiniita "msichana wa ramani"
na ramani nimeichora mimi.
Kisha meli ya kutafuta mafuta:
wiki sita baharini, wiki sita nyumbani,
nyaya ndefu zakokotwa nyuma yetu
na mizinga ya hewa yalipuka kila sekunde kumi,
hata nikilala kwa mama nilikuwa nahesabu.
Mama akiwaambia majirani,
"Mwanakombo yuko melini. Apika, nadhani."
Bei ya mafuta ikaanguka.
Barua yao ilikuwa na mistari mitatu.
Nikashuka Kilindini na sanduku la mawe;
afisa wa forodha akataka thamani yake,
nikaacha nafasi ile wazi.

Mwakio, tuliyesoma naye, apima mitetemeko.
Asema ni kazi ya kungoja
jambo usiloliombea.
Nthenya alihamia benki, akagua mikopo.
"Ni ile ile," aliniandikia,
"kugonga juu, kukisia kilicho chini."

Alasiri nafungua kompyuta juu ya boneti.
Skrini yajaa buluu, upande hata upande.
Katibu wa kamati ya kisima apiga makofi:
"Buluu! Maji hayo!"
Maji, ndiyo.
Namweleza kwamba buluu yangu ni chumvi,
kwamba bahari imekuja chini kwa chini hadi hapa,
na haikuja yenyewe, tumeivuta,
kisima baada ya kisima, pampu baada ya pampu.
Anyamaza. Aangalia barabarani.
"Mhandisi, si uandike tu matamu?
Wafadhili waja Jumatatu."

Nimewahi kuwa na njaa ya kazi kuliko leo.
Naandika: omu tatu. Chumvi. Msichimbe.
Nusu ya malipo iliyobaki
naiona ikiondoka na shati lake jeupe.

Nang'oa nondo moja moja, nazipangusa tope.
Golikipa anisaidia, bila kuombwa, apate lango lake.
Ni pale tu, nikikunja waya wa mwisho,
naona kitu nilichokiruka kwa haraka:
chini ya ua wa Mbwana Shee, mita tano hivi,
kitone cha kijani, kidogo kama kifungo,
mahali ambapo ardhi ilibisha.

Yatosha ndoo chache kwa siku, kwa upole.
Kwa pampu, haimalizi mwaka.

Cherehani yalia dirishani.
"Umeiona?" aniuliza, sindano mdomoni.
Nakaa kwenye kizingiti chake, sijui nianzie wapi.