Pamba

Kichupa cha vidonge kina mdomo.
Ukikigusa tu kinasema, chaka-chaka,
na nyumba yetu ya Pasua imegawanywa kwa mbao,
hata kikohozi cha jirani ni cha wote.
Ndiyo maana nilikishindilia pamba
nikakizika ndani ya kopo la unga wa ulezi,
mahali ambapo mkono wa Elirehema haujafika
tangu mama yake amzae.

Mwaka na miezi minne.
Kila saa tatu usiku nakoroga uji nisiounywa.

Kliniki walikuwa wakisema: njoo na mwenzako.
Siku moja nikamfunulia nesi mdomo,
nikamwonyesha pengo,
hili la pembeni, la siku niliyosema "twende tukapime."
Nesi Ndeonasia hakurudia tena neno "njoo."
Alifunga daftari.
"Basi sisi ndio tutakaomfuata."

Wakamfuata gereji, kando ya fuso lisilo injini,
Alhamisi, jua likishuka,
mafundi kumi na mmoja juu ya matairi,
na Anaeli, fundi rangi wa Kibosho,
ambaye hakuanza na virusi wala damu.
Aliuliza tu:
"Ukiingia nyumbani, nani ananyamaza?"

Wakacheka. Wakakohoa.
Mmoja akaanza kutafuta spana
aliyokuwa ameishika mkononi.

Haya sikuyaona. Nimeyaokota vipande vipande
kwa Manka anayewauzia chai.
Elirehema mwenyewe alisema mara moja tu,
akivua buti, akiiangalia sakafu:
"Nilidhani ukipima wewe, nimepima mimi."

Wiki ya saba, nilizihesabu kwa vidonge,
akaweka mezani, kati ya chumvi na chaja ya simu,
kichupa chake kipya.
Mkono wenye grisi ulitetemeka,
kikasema kabla yake.
Chaka-chaka.

Sikulia. Sikumkumbatia.
Ulimi wangu ulikwenda wenyewe penye pengo.
Nikamwambia, "Jino halirudi, Elirehema."
"Najua," akasema.
Kisha tena, "Najua,"
na hakuongeza "lakini."
Nilikuwa nimekaa nikiisubiri hiyo "lakini"
mpaka chai ikapoa.

Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika.
Nimelifungua kopo, nimepangusa unga.
Pamba nimetoa nusu.
Nusu iliyobaki
bado namsikiliza.